Jiko Ndilo Linaloulinda Mwembe

Kuanzia Novemba hadi Februari, vichochoro vingi vya Dar es Salaam hunuka embe lililooza. Pita Magomeni, pita Ilala, Temeke au Sinza, popote palipobaki mwembe mkubwa uani. Chini yake utakuta maembe yaliyopasuka, nzi wamejaa, na asubuhi dada wa kazi anayazoa pamoja na majani na kuyatia kwenye kiroba cha taka. Hatua chache kutoka hapo, kwenye duka la mtaa, mtoto wa nyumba hiyohiyo ananunua juisi ya boksi yenye picha ya embe. Jambo hili linaniuma, na naona hatulizungumzi inavyostahili.

Tukizungumza juu ya miti ya mjini huwa tunataja kivuli, hewa safi na kupungua kwa joto. Yote hayo ni kweli. Lakini ukisikiliza sababu zinazotajwa mti unapokatwa, kivuli hakimo kabisa. Mwembe hukatwa kwa kuwa “unachafua”. Maembe yanadondokea bati usiku na kuamsha watu, watoto wakipopoa mawe yanatua kwenye vioo vya jirani, popo wanamwaga makapi, nzi wanaingia mpaka ndani. Mwenye nyumba anachoka, anamwita kijana mwenye chenso, na kabla ya adhuhuri mti wa miaka hamsini umekuwa magogo ya kuni. Ua unasakafiwa pevingi, na pembeni inapandwa miashoki, ile miti mirefu myembamba iliyojipanga ukutani, isiyokupa hata tunda moja la kutia mdomoni.

Uchafu wote huo, ukiufuatilia hadi kwenye chanzo, unatokana na tunda ambalo hakuna aliyelichukua. Pale ambapo maembe huanguliwa yakiwa mabichi, yakakatiwa mchuzini, yakaanikwa, yakatiwa chupani, mwembe wa aina ileile hauchafui kitu, na anayetaja chenso mbele ya mama wa nyumba hiyo atanyamazishwa kabla hajamaliza sentensi. Ndiyo maana nasema kinachoulinda mti wa matunda mjini ni jiko. Sheria ndogo za manispaa na kampeni za kupanda miti zina kazi yake, lakini hazifiki uani kwa mtu. Chakula kinafika.

Na ujuzi wenyewe si wa kuazima. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoambatana na achari: ndimu zilizokaa kwenye chumvi, pilipili, tangawizi mbichi, na embe. Alilieleza embe kwa makini, kwamba lina kokwa, kwamba likiiva ni tamu na likiwa bichi ni kali kama limau, na kwamba watu wa hapo hulitia siki. Safari hiyohiyo alipita Mombasa. Huko aliona migomba na milimau, na tunda dogo mfano wa zeituni, tamu sana, aliloliita jammun, jina ambalo Bara Hindi mpaka leo ni la zambarau. Kwa hiyo karibu miaka mia saba iliyopita mtu wa Pwani alikuwa anajua la kufanya na embe kabla halijaiva. Mjukuu wake wa leo analisubiri liive, linamzidi wingi, linaoza.

Hapo ndipo palipo tatizo. Tumejizoesha kuamini kwamba tunda ni kitu cha kuliwa likiwa bivu, bila kupikwa, baada ya chakula. Mwembe mkubwa mmoja ukiivisha, unaivisha kwa pamoja, katika wiki chache, na hakuna familia inayoweza kula maembe mabivu kwa kasi hiyo. Ukianza kuangua tangu embe likiwa changa, msimu unarefuka hadi miezi mitatu au minne. Embe changa ambalo kokwa lake bado linakatika kwa kisu ni la kachumbari na chatini. Likipevuka, kokwa likawa gumu na nyama ikabaki nyeupe, ni la mchuzi na achari. Embe tosa, lile lililoanza kugeuka, ni la kukata vipande na kula kwa chumvi na pilipili. Bivu ndilo la mwisho, na kufikia hapo mti umeshapunguziwa mzigo.

Mchuzi ni rahisi mno. Vibua wa kukaanga, kitunguu, nyanya kidogo, manjano, na vipande vya embe bichi vinaingia pamoja na tui jepesi. Embe likianza kulainika unatia tui zito, unakoroga taratibu mpaka litokote, unaepua. Ndimu haihitajiki kabisa. Kwa anayenunua ndimu Dar es Salaam wakati zimeadimika, hiyo peke yake ni sababu ya kumtazama mwembe wa jirani kwa heshima. Wazanzibari wanajua hili kuliko sisi wa bara. Urojo wao, ule wa manjano unaouzwa jioni pamoja na bajia na viazi, uchachu wake mzuri kabisa unatoka kwenye embe bichi.

Achari inataka subira kidogo. Maembe yaliyopevuka huoshwa, hukaushwa, hukatwa pamoja na ganda, hupakwa chumvi nyingi na manjano, kisha huanikwa kwenye ungo juani mpaka vipande vikunjamane. Halafu unakaanga kitunguu saumu na tangawizi kwenye mafuta ya kutosha, unatia pilipili ya kusaga na mbegu za haradali zilizopondwa, unaongeza siki, na mwisho vipande vyenyewe. Chupa iwe kavu kabisa, maana tone moja la maji huleta ukungu, na mafuta yafunike achari yote. Usipikie kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wa embe unaila, na chakula kinapata ladha ya bati. Tumia chungu, enameli au stili. Chupa moja ya achari iliyotengenezwa vizuri Desemba inafika Ramadhani ikiwa bado ina makali yake.

Nimetaja embe kwanza kwa kuwa lipo kila mahali, hata mbali na bahari. Tabora na Ujiji zimejaa miembe inayosimuliwa kuwa ni alama ya misafara iliyokwenda na kurudi Bagamoyo. Ujiji, kwenye kumbukumbu ya wasafiri Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, mgeni huoneshwa miembe inayosemekana kuwa ni uzao wa mwembe wa wakati huo. Lakini kuna miti mingine mtaani inayoonewa zaidi, na wa kwanza ni mzambarau.

Kila mtu anapenda kuegesha gari chini ya mzambarau mpaka zambarau zianze kudondoka. Hapo mti unageuka adui. Rangi yake haitoki kirahisi kwenye pevingi, wala kwenye shati la shule. Nakubali. Lakini tandika turubai au shuka kuukuu chini ya mti, tikisa tawi kwa upembo asubuhi moja, na utapata ndoo nzima ya zambarau ambazo hazijagusa ardhi. Zioshe, zinyunyizie chumvi zikae kidogo ili ukakasi upungue, zichemshe na maji machache na tangawizi mpaka ziachane na kokwa, kisha zichuje kwa kitambaa. Sharubati inayotoka ni ya rangi ambayo hakuna kiwanda kimeweza kuiiga. Wahindi huichachusha zambarau ikawa siki, na sioni kwa nini tusifanye hivyo Tanga au Morogoro. Jambo moja la tahadhari: mti huu usiukwee. Matawi yake huvunjika bila taarifa, hata yale yanayoonekana manene, na kila mtaa wenye mzambarau una mtu mzima mwenye kovu la utotoni. Tumia fito ndefu ya mwanzi, si bomba la chuma, kwa sababu ya nyaya za umeme.

Mkwaju ndio unaonishangaza kuliko yote. Jina lake la kitaalamu linautaja kuwa ni wa Kihindi, Tamarindus indica, ilhali kwao ni hapa Afrika. Tunda lake linakaukia mtini, haliozi, halinuki, haliiti nzi, na likitunzwa pakavu linakaa hadi msimu mwingine. Kila lawama inayotolewa dhidi ya mwembe, mkwaju hauna. Bado utaona watu wanapita chini ya mkwaju wenye maganda yaliyojaa, wanakwenda sokoni kununua ukwaju uliofungwa kwenye mfuko. Kumenya ni kazi, sikatai, lakini ni kazi ya kukaa barazani jioni na watoto. Loweka nyama ya ukwaju kwenye maji ya vuguvugu, ikamue kwa mkono, chuja. Maji hayo ni kinywaji ukitia sukari, ni kiungo cha samaki ukitia pilipili na kitunguu saumu, na ukiyapika na tende hadi yawe mazito ni chatini ya sambusa.

Mbirimbi unahitaji maneno machache tu. Ni mti mdogo, hauvunji ukuta wala bomba, na matunda yake hutoka kwenye shina lenyewe yakiwa yamesongamana. Birimbi ni kali kiasi kwamba hakuna anayeila kwa ajili ya utamu, na hapo ndipo penye faida yake, kwani ni kiungo tangu siku ya kwanza. Inakatwa mchuzini, inatiwa chumvi na kuanikwa, inakuwa achari. Isinywewe kama juisi nzito. Ina asidi ya oksaliki nyingi, na watu wameumia figo kwa kuinywa vikombe kwa vikombe wakidhani ni dawa. Chache mchuzini zinatosha.

Unguja na Pemba kuna shelisheli. Naamini hakuna chakula cha mtini kinachoshibisha kulishinda. Likichomwa kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi, ndani linatoka jeupe laini lenye harufu ya mkate. Likikatwa vipande vyembamba na kukaangwa linashindana na chipsi, na likipikwa kwa tui na chumvi tu ni chakula cha mchana cha familia nzima. Fenesi nalo tumelidhulumu kwa kula utamu wake na kutupa vilivyobaki. Kokwa zake zikichemshwa na kumenywa zinapikwa kwa nazi vizuri kabisa, na fenesi changa ni mboga kamili ilimradi upake mafuta kisu na mikono kabla utomvu haujakukamata. Jimbo la Kerala nchini India lilitangaza fenesi kuwa tunda lake rasmi mwaka 2018, na huko fenesi bichi ni kitoweo cha kila siku, halingoji sikukuu. Sisi tunaangalia fenesi bichi likidondoka kwa upepo na kuliona ni hasara tu.

Kuna sababu nyingine ya kuchukua matunda mapema na kuokota yaliyoanguka, nayo ni kubwa kuliko usafi wa ua. Mwaka 2003 watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE nchini Kenya walimgundua nzi mgeni wa matunda mwenye asili ya Asia, ambaye leo wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis. Kwa muda mfupi alienea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, na ndiye anayetufanya tupasue embe zuri kwa nje tukakuta funza ndani. Jike hutaga chini ya ganda, hasa tunda linapokaribia kuiva. Funza wanakula nyama, tunda linaanguka, funza wanaingia ardhini na kutoka tena wakiwa nzi kamili. Kwa hiyo embe linaloachwa chini ya mti ni kitalu cha nzi wa embe lililo juu, na wa mwembe wa jirani, na wa shamba la mkulima aliye pembezoni mwa mji anayetegemea kuuza.

Dawa ya hili haiuzwi dukani. Okota kila siku. Yasiyofaa yafukie shimo refu, nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye kiroba kisichopitisha hewa ukiache juani siku kadhaa. Usiyaache juu ya lundo la mboji, maana funza watamalizia kazi yao humo. Na wale chungu wekundu wanaoshona majani, maji moto, tusikimbilie kuwapulizia dawa. Wanauma, ndiyo, na aliyepanda mwembe wao hasahau. Lakini utafiti uliofanywa Benin ulionesha kuwa miembe yenye chungu hawa hushambuliwa kidogo na nzi wa matunda. Ni walinzi wasiodai mshahara. Tunda lililong'atwa na popo msilile, hata upande mmoja ukionekana mzima. Ni la popo, na popo ana haki yake kwa sababu ndiye anayesambaza mbegu za miti mingi. Vilevile matunda ya mti ulio kando kabisa ya barabara kuu yaoshwe vizuri na kumenywa, kwa ajili ya vumbi na moshi.

Sasa suala la haki. Mti ni wa nani? Nimewasikia watu wakiita kuokota embe la jirani wizi, na wengine wakiona kila tunda linaloning'inia nje ya ukuta ni la umma. Wote wamekwenda mbali. Mafundisho ya Mtume Muhammad yanasema anayepanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, anaandikiwa sadaka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, linamruhusu anayeingia kwenye mizabibu ya jirani kula hadi ashibe, ila asitie kitu chomboni mwake. Na katika desturi za Unguja na Pemba, mtu anaweza kumiliki mti uliosimama kwenye ardhi ya mwingine, kwa hiyo watu wa huko wamezoea kwa vizazi kutenganisha haki ya mti na haki ya kiwanja. Nikiyaweka pamoja napata utaratibu unaoeleweka: kula chini ya mti ni ruhusa, kubeba ni kuomba, na aliyebeba anarudisha kitu.

Kuomba hakujawahi kuwa kugumu. Unabisha hodi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Ahsante. Nimeona maembe yako yamepevuka, naomba machache ya achari.”

“Chukua, chukua na ya chini hayo uniondolee. Ila chupa moja iwe yangu.”

Nimeshuhudia mazungumzo ya namna hii mara nyingi, na sijawahi kuona bibi akikataa. Anayekataa mara nyingi ni yule ambaye watoto wamempigia mawe bati lake mwaka mzima bila mtu mzima hata mmoja kwenda kumwomba radhi. Mwenye mti mjini amechoka kuwa mlinzi. Ukimwendea kama jirani, ukafika na upembo na turubai lako, ukaacha ua wake safi kuliko ulivyoukuta, umempunguzia kazi.

Katika baadhi ya maeneo ya Ujerumani, mwenye mti asiyehitaji matunda yake hufunga utepe wa njano shinani, na mpita njia anajua anaruhusiwa kuchuma bila kubisha hodi. Sisi tuna vipande vya kanga kuukuu katika kila nyumba. Serikali ya mtaa ikikubaliana katika mkutano wake kwamba kipande cha kanga kwenye mwembe maana yake ni “angueni”, hakuna bajeti itakayohitajika. Mwenyekiti anaweza kulisema mara moja na likaeleweka. Akina mama wa vikoba, ambao tayari wanakutana kila wiki, wangeweza kutengeneza achari ya pamoja kwa ajili ya kuuza, na shule ya msingi yenye mikwaju uwanjani isingekuwa na sababu ya kununua kiungo cha maharage.

Kuhusu kupanda, ningeomba tuache miashoki ipumzike. Mwenye ua mdogo apande mbirimbi au mndimu karibu na jiko. Mwenye nafasi ya kati apande mwembe wa kupandikiza, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano na unaweza kupunguzwa matawi usipite paa. Mkwaju na mzambarau ni ya viwanja vya shule, misikiti na makanisa, mbali na maegesho. Mkwaju wa mbegu utamtaka aliyeupanda asubiri miaka saba, pengine kumi, hivyo afadhali uanze mwaka huu.

Mshelisheli una shughuli yake. Wa kwetu hauna mbegu, kwa hiyo huwezi kuununua kwenye pakiti. Hupatikana kwa chipukizi linalotoka kwenye mzizi, na chipukizi liko kwa mtu mwenye mti. Ukimfahamu mmoja, mwendee kabla masika hayajaanza, chimba chipukizi kwa uangalifu pamoja na kipande cha mzizi wake, uliweke kivulini kwenye ndoo ya udongo wenye unyevu, na ulihamishie ardhini mvua zikishika.